Kuchunguza kukatika pumzi usingizini kwa kifaa cha Holter

Holter ni kifaa kidogo kinachovaliwa mwilini na kurekodi mapigo ya moyo kwa saa nyingi. Pumzi inapokatika usingizini, mara nyingi moyo hupunguza mwendo. Mtu akishtuka na kuvuta hewa, moyo unakimbia ghafla. Mawimbi hayo ndiyo unayotafuta.

Nyoa nywele za kifua pale elektrodi (vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo) zitakapokaa, pangusa kwa alkoli, acha pakauke kabisa. Ngozi yenye jasho au mafuta huachia elektrodi saa nane usiku, na unabaki na mistari ya fujo. Weka batri mpya. Bukavu, mashariki mwa Kongo, umeme hukatika bila taarifa, usitegemee chaja. Mgonjwa aandike saa ya kulala, ya kuamka, na kila alipokwenda chooni.

Asubuhi, chora mapigo kwa saa za usingizi tu. Usitumie wastani wa dakika tano, maana utayafuta mawimbi yote. Panda-shuka inayojirudia kila sekunde 20 hadi 60, kwa mfululizo mrefu, inatia shaka. Mpigo mmoja uliochelewa si kitu.

Njia hii hupofuka kwa mwenye moyo unaopiga bila mpangilio, mwenye kifaa cha kuendesha mapigo, anayetumia dawa za kupunguza mwendo wa moyo, au mwenye kisukari kilichoharibu neva.

Ongeza kipima oksijeni cha kidoleni chenye kumbukumbu. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na huko juu oksijeni ya damu huwa chini kidogo, kwa hiyo linganisha mishuko ya oksijeni na kiwango cha mgonjwa mwenyewe akiwa macho.

Mawimbi yakionekana, apelekwe kwa daktari kupimwa pumzi usiku kucha. Holter peke yake haithibitishi ugonjwa. Yasipoonekana lakini anakoroma na kusinzia mchana, apelekwe vilevile.