Skuta yako ya umeme iliyobaki Dar: isife ukiwa ughaibuni

Skuta niliyoiacha Tegeta kwa mama mdogo haikuharibiwa na mtu. Niliichaji ikajaa, nikaifunika shuka, nikapanda ndege. Niliporudi baada ya miezi kumi na moja haikuwaka hata taa. Fundi alifungua betri ya volti 36, akapima seli moja moja. Jumla ilikuwa volti 19. "Kaka, hii nani alikuwa anaichaji?" Hakuna aliyekuwa anaichaji. Nikamwomba ajaribu kuifufua, akakataa, na alikuwa sahihi: seli ya lithiamu iliyoshuka hivyo inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka moto ukiilazimisha.

Betri hupungua hata skuta ikiwa imezimwa, maana sakiti inayoilinda hunywa kidogo kidogo usiku na mchana. Kuiacha imejaa pomoni nako si dawa. Ikikaa imejaa kwenye joto la Dar, inachakaa haraka. Iache nusu. Betri ya volti 36 ikijaa husoma 42. Kuiacha kwenye 37 au 38 ni pazuri. Kama kioo cha skuta kinaonyesha asilimia tu, lenga 50.

Halafu mkabidhi mtu mmoja. Ukiiachia nyumba nzima, kila mmoja atadhani mwenzake kachaji. Mama mdogo sasa ananitumia picha ya kioo kila tarehe mosi (mwezi wa kwanza alinitumia picha ya kandambili zake). Ikishuka chini ya asilimia 40, anairudisha hadi 60, mchana, watu wakiwa macho, skuta ikiwa juu ya sakafu ya vigae, mbali na godoro na mapazia. Umeme ukikatika, anachomoa chaja na kusubiri utulie ndipo achomeke tena. Namtumia hela ya luku bila kungoja aombe.

Mahali pa kuiweka: si stoo ya mabati, joto lake ni la tanuri. Kama nyumba iko Kigamboni, Msasani au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi itaanza na bolti, diski ya breki na pini za chaja. Pangusa kwa kitambaa kikavu, paka grisi kiasi kwenye bolti na bawaba, lakini diski usiiguse kwa mafuta. Turubai la nailoni linafungia unyevu ndani. Shuka ya pamba ni bora. Tairi zijazwe upepo kabla hujaondoka, la sivyo zitabonyea upande mmoja.

Masika, Machi hadi Mei, mwambie binamu asiitoe. Skuta nyingi huvumilia manyunyu, ila dimbwi la maji likifika kwenye mota na nyaya ni habari nyingine. Na asiipeleke kwa vijana wa kuosha magari. Mashine ya presha hupenyeza maji pale mvua isipofika.

Unafikiria kuja na nyingine kutoka huko? Zidisha volti kwa saa za ampea (Ah, yaani ujazo wa betri): 36 mara 7.8 ni kama wati-saa 280, na ndege za abiria haziruhusu betri inayozidi 160. Ipitishe kwa meli, ukitamka wazi kwamba ndani kuna lithiamu. Soma pia kibandiko cha chaja. Kikisema 100-240V, unahitaji plagi ya pini tatu bapa tu, kama ya Uingereza. Kikisema 120V peke yake, kama baadhi za Marekani, umeme wetu wa 230 utaiunguza.

Siku ya kurudi usikimbilie Mlimani City. Jaza tairi bila kuzidi kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, minya breki uisikilize inavyosaga, zunguka uwanjani mwendo wa mguu. Kisha shika usukani uutikise mbele na nyuma. Bawaba ya kukunjia ikicheza, kaza kabla hujatoka getini.