Sedani mpya ya spoti: anza na kiti, hosipawa utazikuta

Aisee sedani ya spoti ni gari ya ajabu kidogo, asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba mizigo kwenye buti kama gari nyingine yoyote, jioni ukiwa peke yako ukakuta barabara nyeupe inakufanya ucheke mwenyewe kama chizi. Ndo maana tunazipenda na ndo maana pia tunakosea kuzichagua, maana mtu anachagua ile gari ya jioni tu anasahau kwamba sehemu kubwa ya maisha yake na hiyo gari ni ile ya asubuhi kwenye foleni.

Mi mwenyewe nilikosea hivyo hivyo. Ya kwanza niliichagua nimelala kitandani na simu, nalinganisha hosipawa (nguvu za injini) na sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa, nikachukua yenye namba kubwa na rimu za inchi 20 kisa zilikaa poa kwenye picha. Miezi mitatu haijaisha nishapasua rimu ya mbele kushoto kwenye shimo ambalo hata halikuwa kubwa, lilijaa maji nikadhani ni kidimbwi tu, na mgongo unaniuma kila nikishuka. Gari haikuwa na kosa lolote, kosa langu. Kwa hiyo haya ndo mambo ambayo ningependa mtu angenishika shati akaniambia kabla sijalipa.

Kaa kwanza

Ukifika shorumu usiombe kuwasha injini, omba kukaa. Na ukae sawasawa, sio zile dakika mbili za kushika usukani na kupiga selfi. Toa pochi na simu mfukoni, sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti, kisha kanyaga pedali ya breki mpaka chini kabisa: goti libaki limekunja kidogo, likinyooka umekaa mbali. Nyoosha mkono juu ya usukani, kifundo cha mkono ndo kiguse juu ya stelingi bila bega kuachana na kiti. Ukishindwa kupata mkao huo kwa kurekebisha kiti na usukani basi hiyo gari haikutengenezwa kwa mwili wako, na hakuna hosipawa za kukutibu.

Halafu baki hapo hapo nusu saa, ongea na muuzaji, chezea redio, fanya chochote. Viti vya spoti vina yale mabega ya pembeni ya kukushika usiteleze kwenye kona, mtu mwembamba anayasifia, mtu mwenye mapaja kama mimi dakika ya ishirini anaanza kuhisi amebanwa na mlango wa daladala. Sikiliza pia goti lako la ndani linagusa wapi, plastiki ngumu ya katikati ikikugusa goti shorumuni, safarini itakuchubua. Ukimaliza hamia nyuma, ukae nyuma ya kiti chako mwenyewe ulivyokiweka. Na fungua buti, kunja viti. Hyundai Elantra N kwa mfano wameiweka chuma cha kukaza bodi nyuma ya viti vya nyuma, inasaidia gari isijinyonge kwenye kona, ila ukitaka kupitisha kitu kirefu kutoka kwenye buti kile chuma kipo katikati kinakutazama.

Hosipawa na kilo

Sasa tuje kwenye namba, maana najua huwezi kujizuia. Chukua kilo za gari gawa kwa hosipawa, upate kila farasi mmoja anabeba kilo ngapi. Ni hesabu nzuri lakini inadanganya, angalia: Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio ina V6 (injini ya silinda sita) ya lita 2.9 yenye farasi zaidi ya 500 na uzito wa kama kilo 1,620, Mercedes-AMG C63 S E Performance ina injini ya silinda nne lita 2.0 ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla farasi karibu 680, lakini uzito umepita kilo 2,100. Ukigawa zote zinakupa kilo tatu na kitu kwa farasi, kama mapacha. Ila ukifika kwenye kona, ile Mercedes ina karibu nusu tani ya ziada ya kugeuza na kusimamisha, na hizo kilo hazibebwi na injini, zinabebwa na tairi, breki na shokapu. Kwenye mstari ulionyooka umeme unaficha uzito, kwenye kona uzito unajitokeza wenyewe. Sisemi ile nzito ni mbaya, ina kasi ya kutisha, nasema ujue unanunua nini.

Na usidharau gari ndogo jamani. Honda Civic Si ina farasi 200 tu, inavuta magurudumu ya mbele, gia ni za mkono peke yake, haizidi sana kilo 1,300, na unaweza kuikanyaga mpaka mwisho kwa sekunde kadhaa bila kukosana na sheria wala na akili. Yenye farasi 500 ukiikanyaga mpaka mwisho kidogo tu ushavuka mwendo wa barabara nyingi, kwa hiyo utaishi na gari ambayo unatumia robo yake tu, robo tatu zimelala. Kwangu mimi gari inayokufurahisha kwenye 60 inaishinda ile inayosubiri 160 ndo iamke.

Kuvuta mbele, nyuma au zote

Hapa ntapita haraka. Ya kuvuta mbele ina nafasi zaidi na ni rahisi kuielewa, ukizidisha mwendo kwenye kona pua inakataa kugeuka inataka kwenda moja kwa moja, unaachia mafuta kidogo inarudi. Ya kuvuta nyuma usukani wake unakuwa msafi zaidi kwa sababu magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, ila ukiikanyaga kona haijaisha na lami imelowa mkia unakupita. Ya kuvuta zote nne, kama Subaru WRX au Audi RS3, inachomoka vizuri kwenye utelezi, lakini kuna watu wanadhani inasimama vizuri pia, hapana, kila gari ina breki kwenye magurudumu manne, tairi ni zile zile nne. Cha kuuliza kwenye ya kuvuta mbele au nyuma ni kama ina ile difu ya kubana, inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure wakati mwenzake amekaa tu. Bila hiyo, kona ya taratibu ukitoka kwa nguvu unasikia gurudumu la ndani linapiga kelele na gari haiendi.

Gia je? Otomatiki za siku hizi zinabadilisha gia haraka kuliko mguu wako, hilo tukubali. Ila kama unaijua klachi na unaipenda, angalia mapema maana zinapungua: BMW M3 yenye gia za mkono inakuja na kuvuta nyuma tu, ukitaka ya kuvuta zote nne unapewa otomatiki hutaki unaacha. Cadillac CT4-V Blackwing na CT5-V Blackwing nazo zilitoka na gia sita za mkono. Foleni ikiwa ndo maisha yako ya kila siku, chukua otomatiki na usijisikie vibaya.

Rimu, na hapa nina uchungu

Kwenye tairi imeandikwa kitu kama 245/40 R18. Ile 40 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya upana, yaani milimita 98 za raba kati ya rimu na lami. Ukipanda inchi 20 huku tairi ikibaki na kimo kile kile kwa nje, inabidi ukuta upungue, unabaki na raba nyembamba kama chapati, na kazi ya kumeza shimo inahamia kwenye rimu na kwenye uti wako wa mgongo. Rimu kubwa mara nyingi pia ni nzito zaidi, na uzito kwenye gurudumu ni mbaya kuliko uzito kwenye buti kwa sababu shokapu inapambana nao kila tuta. Kama muuzaji ana chaguo la inchi 18 na 20 kwa gari ile ile, chukua 18, na hela inayobaki weka kwenye tairi nzuri. Tairi nzuri ndo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote cha kubadilisha gari. Na uangalie kama za nyuma ni pana kuliko za mbele, zikiwa hivyo huwezi kuzihamisha mbele nyuma ili ziishe sawa, utakuwa unanunua za nyuma kila mara.

Kuitesti

Ukipewa kuiendesha, usiende kwenye barabara nzuri tu. Tafuta lami mbovu, tafuta tuta, tafuta kona ya mzunguko uende taratibu, 40 hivi. Kuna vitu vitatu nasikiliza. Breki: kanyaga laini kabisa, gari ianze kupungua hapo hapo na iongezeke kadri unavyokanyaga, sio kukaa kimya halafu ikakurusha kichwa. Stelingi: geuza kidogo tu kutoka katikati, gari ijibu bila kuchelewa wala kushtuka. Mwili wa gari: pita kwenye wimbi la lami, ipande ishuke mara moja itulie, ikiendelea kudundadunda kama mtumbwi hapana, ikikupiga kama ngumi hapana pia. Kama ina kitufe cha kubadilisha shokapu jaribu zote, na ukweli ni kwamba ile ngumu kuliko zote utaitumia siku ya kwanza kuwaonyesha washkaji, basi.

Ushaichukua sasa

Kilomita za mwanzo usiwe na haraka. Soma kitabu cha gari, kila mtengenezaji ana masharti yake, lakini mengi yanafanana: kilomita 1,000 mpaka 2,000 za kwanza usikanyage mpaka mwisho, usiipeleke injini kwenye mizunguko ya juu kabisa, na usikae safari nzima kwenye mwendo mmoja, badilisha badilisha. Magari ya spoti ya BMW, yale ya M, yanarudishwa yakifika kilomita 2,000 yamwagwe oili ya injini na ya difu, kwa sababu vyuma vipya vikisuguana vinaacha unga wake humo. Tairi mpya nazo zinateleza siku za mwanzo, na breki zinahitaji kuzoeana na disiki, kwa hiyo ile hamu ya kumwonyesha shemeji gari inavyosimama iahirishe wiki mbili.

Kuipasha moto ndo jambo ambalo wengi tunalikosea kila siku. Mshale wa joto unaouona kwenye dashibodi mara nyingi ni wa maji, maji yanapata moto haraka, oili inachelewa nyuma. Ukiona mshale umefika katikati ukadhani ruksa, oili bado nzito na turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inazunguka kwa kasi kubwa ikiitegemea hiyo hiyo. BMW M3 ile ya zamani, kizazi cha E46, ilikuwa na taa kwenye duara la mizunguko zinazozimika moja moja kadri oili inavyopata moto, zikikwambia bado, bado, sasa haya. Kama yako ina geji ya oili itumie, kama haina subiri zaidi ya unavyodhani. Na usiiwashe ukaiacha inanguruma hapo kwenye maegesho dakika kumi, ondoka taratibu, inapata moto vizuri ikitembea.

Kuifaidi sasa sio kukimbia. Chagua kona moja unayoijua, uwe unaiona yote na hakuna watu wala magari, na uipite vizuri kwa mwendo halali: maliza breki gari ikiwa bado imenyooka, kisha achia pedali polepole huku unageuza ili pua ibaki na uzito, macho yawe mwisho wa kona sio kwenye boneti, ukiona njia inafunguka ndo unaanza kurudisha mafuta kadri unavyonyoosha usukani. Ukiipatia utahisi gari inalala mara moja tu inakaa hapo mpaka mwisho, hakuna kutikisika kichwa, abiria wako hata hatajua. Mi nilihangaika wiki nzima na kona moja kwa 50 na ilikuwa raha kuliko kila kitu nilichofanya na ile gari ya kwanza. Kumbuka tu mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne, na kwenye 100 sekunde moja ya kushangaa ni mita 28 zimeshapita.

Ukitaka kuikanyaga kwelikweli nenda kwenye uwanja wa mbio siku za wazi, wengi wanapokea magari ya kawaida. Kabla ya kwenda badilisha maji ya breki kama yana miaka miwili, yanavuta unyevu: yale ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230, yakishavuta maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na yakichemka pedali inazama chini mguuni bila breki. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango. Piga raundi tatu nne tu, ya mwisho nenda taratibu bila kugusa breki upepo uzipoze, na ukiegesha usivute hendibreki, weka gia au P na jiwe kwenye tairi, maana pedi za moto zikibanwa zinaacha alama kwenye disiki na gari inaanza kutetemeka kila ukishika breki.