Programu huria ijijenge na kujijaribu yenyewe: anza na skripti moja

Kabla hujagusa seva yoyote ya kuendesha majaribio, hakikisha mradi unajengeka kwa amri moja. Anayeushusha leo kwa mara ya kwanza asilazimike kuuliza aanzie wapi. Weka faili `jenga.sh` kwenye folda kuu (`make` ni zana inayojenga mradi kwa kufuata maelekezo ya faili liitwalo Makefile):

```
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail
export TZ=UTC LC_ALL=C
make clean
make
make test
```

Mstari wa pili ndio uti wa mgongo. `-e` huisimamisha skripti pale amri inapofeli, na `pipefail` huzuia kufeli kusifichwe na amri inayofuata baada ya `|`. Bila hizo, jaribio linaweza kuanguka huku skripti ikimaliza na 0, yaani "shwari". Mstari wa tatu unafunga saa na lugha. Majaribio ya tarehe na ya kupanga majina yana tabia ya kufaulu kwako na kufeli kwa mwenzako.

Sasa seva. Kwa GitHub, tovuti inayohifadhi miradi na kuendesha majaribio yake kila badiliko linapotumwa, andika `.github/workflows/jaribu.yml`:

```
on: [push, pull_request]
jobs:
  jaribu:
    runs-on: ubuntu-latest
    timeout-minutes: 15
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - run: bash jenga.sh
```

Usipoweka kikomo chako (`timeout-minutes`), kazi iliyokwama inaweza kung'ang'ania hadi dakika 360. Mengine yote yabaki ndani ya `jenga.sh`. Ukihamia GitLab, tovuti nyingine ya aina hiyo, kesho, unabadilisha faili hili dogo tu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: kuzuia hitilafu iliyokwisha kuuawa isifufuke. Tuseme mtu ameripoti, kwa namba 142, kwamba programu inaanguka ikipewa faili tupu. Usikimbilie kurekebisha. Andika kwanza jaribio, `142_faili_tupu.sh`, uliendeshe, ulione likifeli. Jaribio ambalo hujaliona likifeli halijathibitisha chochote. Huenda hata haligusi msimbo unaodhani linaugusa.

Ukiwa nalo, Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, itakutafutia badiliko lililoleta balaa. Nakili jaribio kwenye `/tmp`, kwa sababu matoleo ya zamani hayanalo, kisha andika `/tmp/kagua.sh`:

```
make || exit 125
bash /tmp/142_faili_tupu.sh
```

Kama toleo v1.4 lilikuwa zima:

```
git bisect start HEAD v1.4
git bisect run bash /tmp/kagua.sh
git bisect reset
```

Namba 125 humwambia Git "hili halijengeki, liruke". Kwa kuwa inagawa nusu kwa nusu, mabadiliko 1000 huchujwa kwa ukaguzi kama 10 hivi. Ukishampata mkosaji, rekebisha, na utume marekebisho pamoja na jaribio lake katika badiliko moja.

Mwisho, kwenye mipangilio ya tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), lazimisha `jaribu` ifaulu kabla ya kuunganisha badiliko lolote. Jaribio kigeugeu, linalofaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kuguswa, litoe kwenye orodha ya lazima siku hiyohiyo na ulifungulie ripoti. Ukiliacha, wachangiaji watazoea kubonyeza "endesha tena" hata hitilafu ikiwa ya kweli.