Somo: Kujua kama paka wako mzima ana mwili na uzito unaomfaa

Wapenzi wa paka, hamjambo. Nilikuwa na paka jike mweusi hapa Kisumu, jina lake Chausiku. Tumbo lilikuwa limejaa, na kila jirani aliyepita alimsifu kuwa ananona. Siku moja nikampitishia vidole mgongoni, nikahisi pingili za uti wa mgongo moja moja kama shanga. Tumbo lile lilikuwa la minyoo. Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikifurahia unene usiokuwepo, na jambo hilo huniuma hadi leo. Kwa hiyo katika somo hili mikono inatangulia, mizani inafuata.

Hatua ya 1: Mshike mbavu

Paka wa kienyeji huwa mzima akifika takriban mwaka mmoja. Mngoje asimame ametulia, kisha weka viganja ubavuni pande zote mbili, telezesha taratibu bila kubonyeza.

Ili ujue unachotafuta, tumia mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, paka amekonda. Kunjua mkono, papasa mgongo wa kiganja: mifupa unaihisi, lakini ina kifuniko chembamba juu yake. Huyo ndiye paka mwenye afya. Sasa geuza mkono, papasa upande wa kiganja chini ya vidole: ukilazimika kubonyeza hivyo ndipo upate mbavu, amezidi mafuta. Rudia mara kadhaa, leo na kesho, mpaka vidole vizoee. Paka wa manyoya marefu hudanganya macho kabisa, na kwake hakuna njia nyingine ila hii.

Halafu mtazame kutoka juu. Baada ya mbavu aingie ndani kidogo, awe na kiuno. Ukimtazama ubavuni, tumbo lipande kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Madaktari wa mifugo huyapima haya kwa alama 1 hadi 9, na 5 ndiyo inayotakiwa.

Hatua ya 2: Mpime

Mizani ya kusimamia inatosha: simama ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa. Lakini mizani nyingi za namna hiyo hazionyeshi vizuri gramu chache, na kwa paka gramu 200 ni nyingi. Mimi humtia kwenye kikapu chenye kifuniko na kwenda kwa muuza nafaka mwenye mizani ya kuning'iniza. Kikapu na paka kilo 4.9, kikapu kitupu kilo 0.6, basi paka ni kilo 4.3. Andika na tarehe. Pima mara moja kwa mwezi, mizani ileile.

Hatua ya 3: Elewa namba

Paka wengi wa kufugwa huwa kati ya kilo 3.5 na 5. Jike mwenye umbo dogo anaweza kuwa na kilo 3 akawa na afya njema kabisa, na dume wa mifupa mipana akapita 5 bila tatizo. Paka wa aina ya Maine Coon hufika hata kilo 8, tena huendelea kukua hadi miaka 3 au 4. Namba ya paka wa jirani haikusaidii kitu. Linganisha na ya paka wako mwezi uliopita. Wa kilo 4 akipoteza gramu 400 bila wewe kumpunguzia chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 4: Rekebisha chakula

Paka ni mla nyama. Ugali uliochovywa kwenye mchuzi unamjaza tumbo tu. Omena (dagaa) ni nzuri, ila ioshe vizuri kutoa mchanga, ichemshe bila chumvi, na isiwe chakula chake pekee. Changanya na kuku, maini kidogo, au chakula cha paketi. Paka wa kilo 4 anayekaa ndani hutosheka na takriban gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku, lakini soma paketi yako.

Akizidi unene, punguza polepole: asilimia 1 ya uzito kwa wiki, yaani gramu 60 kwa paka wa kilo 6. Nawaomba sana, msimfungishe. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa.

Maswali ya wanachama

*Nakuru:* Mwalimu, dume wangu amehasiwa mwaka jana, sasa ana kilo 6. Anakula kilekile cha zamani.

Hapo ndipo tatizo lilipo, ndugu yangu. Akishahasiwa, mwili wake huhitaji chakula kilichopungua kwa karibu robo. Pima kwa kikombe, usimimine kwa macho.

*Kakamega:* Paka wangu ana ngozi inayoning'inia chini ya tumbo, inayumba akikimbia. Ni kitambi?

Ngozi hiyo paka wengi wanayo, hata waliokonda. Ikiwa laini na mbavu unazihisi vizuri, usihangaike.

*Bungoma:* Wangu ana miaka 13. Anakula kuliko zamani, anakunywa maji sana, na bado anakonda. Nimpe dawa ya minyoo?

Hapana dada, mpeleke kwa daktari wiki hii. Kwa umri huo inaweza kuwa tezi ya shingoni, kisukari au figo, na vipimo vya damu na mkojo ndivyo vitakavyosema. Nenda na uzito wake wote ulioandika.

*Kisumu:* Mama mkwe anasema paka akishiba hatakamata panya.

Mheshimu mama, lakini lisha paka. Huwinda hata akiwa ameshiba, na akiwa na nguvu huwinda vizuri zaidi. Chausiku, baada ya kutibiwa na kufika kilo 3.8, aliniletea panya wawili kwa usiku mmoja, akawalaza mlangoni.