Dawa ya kupuliza puani imekushika? Acha tundu moja kwanza

Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya huwaacha wengi na kichupa cha dawa ya pua mfukoni hata mafua yakiisha. Kama bila hicho kichupa hulali, acha kupuliza tundu moja tu, tuseme la kushoto. La kulia endelea nalo kama kawaida. La kushoto litaziba vibaya siku za mwanzo (usiku ndiyo balaa), ila utapumua kwa lile jingine na usingizi utaupata. Likishafunguka lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, acha na la pili.

Dawa hizi, oksimetazolini na zailometazolini, hubana mishipa ya damu puani. Ukizidisha siku 3 hadi 5, kila nguvu yake inapoisha mishipa huvimba upya, nawe unapuliza tena. Kinachokuziba sasa ni dawa yenyewe.

Kusuuza pua kwa maji ya chumvi hupunguza adha: kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mabichi hapana, hata haya ya mlimani tunayojisifia.

Njia hii haitoshi kama chanzo ni mzio, nyama za puani au ukuta wa pua uliopinda. Hapo muone daktari wa masikio, pua na koo; huenda akakuandikia dawa ya kupuliza ya steroidi, ambayo haina mchezo huo wa kuziba upya. Mwenye presha amuone mapema, asisubiri kujaribu.