Pima hatari kabla hujatoa hela mfukoni

Mkulima wa mahindi na kuku wa kienyeji pale Kongwa au Kondoa ana mengi ya kuogopa kuliko hela za kujikinga nayo: mvua kukatika, viwavijeshi, kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle), dumuzi (mdudu anayetoboa mahindi ghalani), panya, wezi. Wengi wetu tunajikinga na lile lililovuma kijijini. Stoo moja ikivunjwa, mtaa mzima unanunua kufuli. Kuku wakifa banda zima kila kiangazi, tunasema ni kawaida yao. Hivyo ndivyo hela inavyokwenda kusikohitajika.

Kila hatari iulize maswali mawili. Hutokea mara ngapi? Ikitokea, inaondoka na nini? Jibu la swali moja bila la pili halikusaidii kuamua.

Njia rahisi ni kukaa familia nzima na bakuli la punje za mahindi. Kwa kila hatari, weka punje 1 hadi 3 kushoto kwa jinsi inavyojirudia, na punje 1 hadi 3 kulia kwa ukubwa wa hasara. Kisha zidisha za kushoto kwa za kulia: hatari yenye jibu kubwa ndiyo ya kutangulizwa. Kwenye kujirudia usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana tu. Rudi nyuma misimu 10 na uhesabu ni mingapi iliyopatwa. Wazee wanakumbuka vizuri, waulize. Mama na watoto wasikose kwenye kikao hicho. Baba anaweza kumwekea dumuzi punje 1, mama akaongeza 2 palepale, kwa sababu yeye ndiye anayeona vumbi la unga chini ya gunia kila anapochota mahindi ya kusaga.

Katika kaya nyingi za wafugaji wa kuku wa kienyeji, kideri kitapata 3 kwa 3, yaani 9. Kinarudi karibu kila mwaka, na banda lisilochanjwa kinaweza kulimaliza lote. Chanjo yake iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, kila baada ya miezi 3 au 4. Wengi hushika Januari, Mei na Septemba. Chanja kuku wazima tu, kwa sababu aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikifunguliwa hakikai, kwa hiyo changeni majirani mchanje siku moja. Mwenye kuku 15 asiseme chanjo ni ya wenye mabanda makubwa.

Dumuzi, yule tunayemwita pia scania, hayuko mbali na hapo. Alipogunduliwa Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, alitafuna hadi theluthi moja ya uzito wa mahindi yaliyohifadhiwa miezi michache. Kwa mwenye magunia 9, hayo ni 3. Mifuko isiyopitisha hewa, ikijazwa mahindi makavu na kufungwa barabara kila tabaka, humkosesha pumzi akafa bila dawa.

Sasa angalia hapa, maana hesabu ya punje inaweza kukupotosha. Panya wa ghalani anapata 3 kwa 1, yaani 3. Sumukuvu nayo, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, kwa kaya ambayo haijawahi kuuguza mtu, inapata 1 kwa 3, yaani 3 vilevile. Lakini hivi viwili havilingani hata kidogo. Panya anakula debe. Sumukuvu mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kuipika hakuiondoi, na mara nyingi haionekani wala hainuki. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: chochote kinachoweza kuua mtu kinashughulikiwa kwanza, hata kama kushoto kina punje 1. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kuulia wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Hiyo ondoa leo, mahali mtoto anapofika.

Uzuri ni kwamba kinga ya sumukuvu ni ya bei nafuu. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kupima ukavu, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi robo yake na vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Chambua punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, uzitupe. Usizipeleke kwa kuku wala kwenye pombe.

Yapo mambo ya kuyavumilia. Ndege kwenye kona ya shamba waache na sehemu yao. Viwavijeshi nao wasikukimbize dukani kwa kuona jani moja lililotoboka: mahindi yanastahimili kiasi cha majani kuliwa. Pita shambani mara mbili kwa wiki, chungulia kwenye moyo wa mmea, na amua kwa wingi wa mimea iliyoshambuliwa. Ukiona wachache, waponde kwa mkono.

Punje hizi hazikai palepale mwaka mzima. Jua likikausha mahindi yakiwa yanajaza punje, au mvua ikanyesha mahindi yameshakomaa shambani, ya sumukuvu kushoto inapanda kutoka 1 hadi 3. Usisubiri vibarua wa wiki ijayo. Vuna yaliyokomaa, yaingize chini ya paa, na jua likitoka tu tandika turubai.