Masurufu ya Mtoto Baada ya Wazazi Kuachana: Anza na Daftari

Nimewasaidia wazazi wengi hapa Mombasa kuandaa madai ya matumizi ya watoto. Nionavyo, wengi hukwama kwa kuja mikono mitupu.

Fahamu kwanza kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe walioana au la. Masurufu ni pesa za mtoto.

Hatua ya 1: Daftari. Andika kila siku, kwa miezi miwili au mitatu: unga, samaki, maziwa, nauli ya tuktuk, ada ya shule na ya madrasa, sare, dawa. Weka risiti na ujumbe wa M-Pesa. Kodi ya nyumba igawe: mkiwa watatu na kodi ni shilingi 12,000, fungu la mtoto ni 4,000. Usiongeze chumvi. Tarakimu moja ya uongo ikigunduliwa, hata zile za kweli zitatiliwa shaka.

Hatua ya 2: Afisa wa watoto. Huduma hii ya serikali hailipiwi. Nenda na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na daftari. Atamwita mwenzako mzungumze. Mkikubaliana, muandike kiasi, tarehe na njia ya kulipa, kisha mtie saini. "Atatoa akipata" si makubaliano, msiiandike.

Hatua ya 3: Mahakama ya Watoto, Tononoka. Mkishindwana, fungua kesi chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Omba amri ya muda mapema, maana mtoto hawezi kula hukumu ya mwakani. Hakuna asilimia maalumu ya mshahara. Hakimu hupima mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili, mama naye akiwemo. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Hatua ya 4: Akiacha kulipa. Rudi mahakamani na rekodi zako. Mshahara unaweza kukatwa, na mkaidi anaweza kufungwa. Nawe baba uliyeachishwa kazi, usinyamaze: omba amri ibadilishwe kabla deni halijarundikana.

Nawasihi jambo moja kina mama: msimzuie mtoto kumwona babake kwa sababu pesa hazijaingia. Kulipa na kuonana ni haki mbili tofauti, na zote mbili ni za mtoto. Nimemwona mtoto akingojea mlangoni na begi lake tangu asubuhi, na hakuna kiasi kinachofidia siku ile.